Vizibo

Usiku wa tatu mfululizo: ko, ko, ko,
nyundo juu ya dari yangu, saa nne imeshapita.
Nikasema liwalo na liwe, nikavaa koti juu ya pajama,
nikatia sarafu kwenye lifti. Hapa Rustavi
lifti haipandi kwa salamu.
Sarafu nzima, kwa ghorofa moja ya hasira.

Nazibrola akafungua, miwani imepanda kwenye paji,
plasta tatu vidoleni, ya nne inaning'inia.
Hakuomba radhi. Alisema, "Afadhali umekuja. Shika hapa."
Nami, mjinga, nikashika.

Kilikuwa kipande cha kopo la samaki
kilichokatwa mfano wa unyoya.
Na pale ambapo wengine huweka televisheni
amesimama jogoo.

Kifua, vifuniko vya mitungi ya jemu.
Miguu, mabomba ya beseni lililovunjwa na wapangaji wa chini.
Upanga wa kichwani, birika jekundu la nani sijui,
rangi imebanduka, kutu inachungulia.
Jicho ni kifungo cha ovaroli; la pili bado.
"Namtafutia," alisema. "Kwa sasa aone nusu."

Nilimuuliza ni wa nini.
"Miaka thelathini na moja niliendesha kreni,
mabomba yakipita chini yangu kama ng'ombe waendao mtoni.
Hakuna hata moja lililoniuliza jina.
Huyu ananiuliza kila asubuhi."

Ndipo nikauona mkia.
Vizibo vya bia, vimetobolewa, vimetungwa kwenye waya,
na chapa naijua: mbuzi mweusi, duara la kijani.
"Vya nani?" nikauliza, huku nikijua.
"Vyako. Tangu Novemba.
Mfuko wako ukitupwa jalalani unalia kama njuga."
Mia mbili na kumi na sita.
Alivihesabu bila ubaya,
kama seremala ahesabuvyo misumari.

Haikuwa aibu hasa.
Nilitazama majira yangu yote ya baridi, jioni baada ya jioni,
yamepinda kwa madaha, yanang'aa chini ya balbu.
Sikujua kwamba nilikuwa na kitu cha kung'aa.

Mpwa wake Zviad amepata mwenye hoteli huko Tbilisi,
anataka majogoo sita wanaofanana.
"Wafanane!" Alicheka hadi akakohoa.
"Kiwandani nilitoka kwa miguu yangu.
Sirudi kwa mlango wa nyuma."

Ikafika Machi. Sikula kiapo chochote,
kiu tu ilipungua, kama wageni wanavyoaga mmoja mmoja.
Siku moja akagonga kwangu, uso umekunjamana:
"Anzor, mkia umekwama. Unaumwa?"
"Sinywi sana siku hizi."
Akanikazia macho kama fundi aliyecheleweshewa mzigo.
"Na mimi mwenzio? Bado shibiri mbili!"

Basi Jumamosi utaniona nyuma ya baa ya kituoni,
mzee wa miaka sitini na tisa, nimeinama,
naokota vizibo vya wanywaji wengine,
nachagua visivyopinda sana.

Kuna chapa moja ya samawati, adimu.
Hiyo simpi.
Chini ya kitanda changu kuna kitu nimekianza,
usiniulize ni nini,
kina miguu mitatu hadi sasa.