Kilo Mbili za Unyaufu

Shemeji Mkapanda anafundisha Kiswahili Nanyamba,
hata orodha ya kwenda dukani huitia vina.
Aliniandikia jibu nyuma ya kalenda ya mwaka jana,
akasema, Somoe, likariri, usiongeze neno:

    Nilitoka kwa hiari, kutafuta changamoto,
    tuliagana vizuri, pasi neno wala joto,
    leo nimejaa ari, nafuata yangu ndoto,
    nipeni kazi, tayari, sina deni, sina zito.

Nimelikariri tangu stendi ya Mtwara
hadi Mingoyo, hadi Lindi mjini.
Abiria mwenzangu alidhani navuta uradi.

Ofisi ya wanunuzi wa ufuta ina viti vitatu upande wao,
kimoja upande wangu, mguu wake mmoja mfupi.
Mwenye miwani akapekua vyeti.
Mwenye kalamu akauliza lile lililokuwa likiningoja:
"Hapa, tangu Novemba hadi leo, pako wazi. Kulikuwa na nini?"

Nilitoka kwa hi—
Kiti kikayumba.
Maneno yakaniponyoka
kama korosho kwenye gunia lililotoboka:
moja, halafu nyingine, halafu huzizuii tena.

Sikutoka. Nilitolewa.
Barua ninayo, ina muhuri wa chama:
*kupotosha kumbukumbu za ghala.*
Ilikuwa Jumanne, mvua ya kwanza imepiga bati usiku kucha.
Mama Nalwanda wa Mdimba kaleta gunia lake moja
kwa baiskeli ya kukodi, kalifunika turubai kuliko alivyojifunika mwenyewe.
Mizani ikasema sitini na mbili.
Nikaandika sitini na mbili.
Meneja akaja nyuma ya bega langu:
"Na unyaufu?"
Nikamwambia hizi zimekauka, zitikise, zinalia kama kokoto.
"Andika sitini."
Wino ulikuwa umeshakauka nao.
Jioni ile sina funguo. Ijumaa sina kazi.

Nikanyamaza, nikajiona nimenyooka.
Mwenye kalamu akatikisa kichwa kwa huruma.
Mwenye miwani akasema, "Basi ulionewa."
Ningeishia hapo.
Hapo ndipo palipokuwa pazuri pa kuishia.

Lakini wa tatu, mama mwenye hina iliyofifia kwenye kucha,
aliyekuwa kimya muda wote akifukuza nzi kwenye chai,
akaniuliza bila ukali,
Kimwera kikisikika ndani ya Kiswahili chake:
"Na Jumatatu, mwanangu? Jumatatu uliandika ngapi?"

Misimu miwili.
Mkono huu huu, unaojua kuchora sifuri ikawa duara kamili.
Kilo mbili kila gunia,
kwa aliyelalamika na kwa aliyeshukuru,
kwa mjomba wangu wa Mahuta pia,
aliyewaambia wenzake kwenye foleni, kwa sauti,
"Afadhali yuko mtoto wetu pale, hatuibiwi."
Nilipewa khanga siku ya Idi, na vocha ya elfu tano.
Vocha niliimaliza kwa kumpigia huyo huyo mjomba, kumtakia heri.
Khanga ndiyo hii niliyofungia vyeti.

Shemeji hakuniandikia ubeti wa swali hilo.

"Jumatatu niliandika pungufu."
"Kiasi gani?"
"Mbili. Kila gunia."
Akaandika kitu kwenye karatasi yake.
Sikuona ni nini. Kilikuwa kifupi,
na mkono wake haukwenda haraka.

"Tutakupigia."

Nje vibarua walikuwa wanapakua ufuta.
Mizani ipo mlangoni, mpya, karatasi ya dukani haijabanduliwa.
Nikapanda juu yake na mzigo wangu kwapani
kabla mlinzi hajanikemea nishuke.
Hamsini na nane, pamoja na khanga.
Sikukata kitu.