Kimya cha Kupimwa

Kaka yangu Chedego anachomelea mageti Chang'ombe.
Macho yake mekundu ni ya moto, si ya ugonjwa,
na ugonjwa anao.
Uligunduliwa siku ya kuchangia damu:
akapewa soda, akapewa biskuti, akapewa karatasi
iliyosema damu yake haitamfaa mtu.
Akaikunja mara nne.
Nyumbani akamwambia mkewe, Nyemo,
wamekuta presha.

Miaka sita presha hiyo imekaa,
nyongo mkalia ini,
haiumi, haiondoki.

Mimi kazi yangu ni kunyamazisha.
Huku mlimani upepo wa Agosti
unasukuma vumbi jekundu hadi chini ya mlango wa maabara,
tunaziba kwa taulo zilizolowa.
Kirusi hakina mdomo. Kina barua.
Kimejichimbia kwenye kiini cha seli, kinaandika, kinatuma,
na seli, mtiifu kama karani wa wiki ya kwanza,
inasoma na kutenda.
Basi tunatunga kipande kifupi, herufi ishirini na moja,
kiikute barua njiani, kiishike, ikatwe
kabla haijasomwa.
Tunakifunga kwenye sukari ya matawi matatu:
ini linaijua sukari hiyo,
huifungulia bila kuuliza hodi ya nani.

Mara ya kwanza tulifurahi mno.
Kirusi kilishuka kama maji ya bwawa la Hombolo mwezi wa Oktoba.
Dakta Mlowe akanunua karanga, tukala tumesimama.
Jumanne, vizimba vitatu:
manyoya wima, matumbo yamejaa maji, hakuna anayekwaruza.
Kirusi hakikuwaua.
Tuliwaua sisi, kwa wingi wa kimya.

Maana ini nalo lina minong'ono yake,
vijibarua vya kujiambia
pumzika, gawanyika, basi, inatosha.
Tulijaza njia kwa wajumbe wetu
hata wajumbe wake wakakosa pa kupita,
kama siku mkubwa anapopita mjini, barabara imefungwa,
na gari la wagonjwa linasubiri kwenye mataa
pamoja na wauza zabibu.

Nikaandika daftarini: dozi, uzito, saa.
Nikaandika: namba kumi na nne alipenda kupanda kidole.
Nikafuta.
Nikaandika tena.

Tumepunguza. Tumepunguza tena.
Mwaka wa pili huu natafuta kimya chenye adabu,
kinachoingia chumba kimoja na kuacha vingine vikiongea.
Ni kama chumvi ya mlenda:
chembe ikizidi, chungu kizima kimeharibika.

Jumapili nikashuka Chang'ombe.
Nyemo ana mimba ya miezi mitano,
alikuwa uani anapepeta uwele.
Chedego hakuinua kofia ya kuchomelea.
"Dawa yako tayari?"
"Yangu ingali ya panya," nikasema.
"Vidonge vya kliniki vipo. Kipimo cha Nyemo kipo.
Chanjo ya mtoto, ya siku ile ile anayozaliwa, ipo.
Kinachokosekana hakitengenezwi maabara."
Cheche zikaendelea.
Nilikuwa na methali mdomoni, nikaimeza;
anazijua zote, kazikunja mara nne.
Nikasema tu: "Mimi nalipwa kunyamazisha, kaka.
Wewe nani anakulipa?"

Akazima mashine.
Harufu ya chuma ikabaki katikati yetu.
Akafungua sanduku la zana, akatoa karatasi
chini ya vijiti vya kuchomelea, kingo zimeungua,
akaishika kwa vidole viwili kama kitu cha moto.
"Nyemo," akaita, kwa sauti ya mtu anayejaribu maikrofoni.
Ungo ukanyamaza.
Nikaaga kabla sijaagwa.

Leo Jumatano. Umeme umekatika mara mbili,
jenereta imeshika.
Panya kumi na wawili, dozi ya chini kabisa:
kirusi kimeinama, si sana,
na kumi na wawili wote wanakwaruza.
Sijamwambia Dakta.
Nahesabu tena.