Dirisha la Tiketi

Garimoshi halifiki tena Kumi.
Tumelisema mara nyingi hata sisimizi wanajua;
wamechimba njia zao chini ya mataruma
na hawampishi mtu.

Sisi nasi tulianza polepole, kwa aibu,
kama mtu anayejaribu koti la marehemu.
Kwanza Asekenye alichukua vile vyuma
vilivyounga reli na reli,
akavipanga vikawa mafiga. Sufuria haikuyumba.
Kisha shule ikakata kipande cha reli, ikakitundika;
kikigongwa kwa boliti watoto hukimbia
kuliko abiria walivyowahi kukimbia.
Mataruma ya chuma, yale yenye mgongo wa kuinama,
yalipinduliwa yakawa mahori ya mbuzi.

"Wezi," alisema baba.
Baba alikuwa mtu wa ishara, miaka kumi na tisa.
"La kuvunda halina ubani.
Liacheni basi livunde kwa heshima yake."

Ndipo akaja Apolot, mkunga,
na ufunguo alioupata halmashauri.
Akafukuza popo. Akapaka chokaa.
Palipoandikwa MIZIGO akapaacha paandikwe MIZIGO,
kwa maana wajawazito walicheka kila wakisoma,
na mwenye kucheka, alisema, hufunguka upesi.

Dirisha la tiketi, tundu lile la nusu mwezi
ambapo mkono wa karani ulitoa chenji bila uso,
sasa hutoa vidonge vya kuongeza damu.
Foleni ni ile ile. Hata kusukumana ni kule kule.
Mizani ya vifurushi aliikwangua kutu, akatandika kanga;
juu yake hulia vifurushi visivyo na anwani,
kilo tatu na robo, kilo mbili na nusu,
na koleo ya kutobolea tiketi
hutoboa kadi za chanjo: surua, tundu; polio, tundu.

Baba hakwenda kuona.
Alikuwa na taa yake nyumbani,
ya mkono, yenye vioo vitatu vya kuzungusha.
Kila Jumapili aliisugua kwa majivu,
akaijaza mafuta, akakata utambi,
akairudisha juu ya kabati bila kuiwasha.
Mama aliwahi kuiomba, vifaranga walipopatwa na baridi.
Hakujibiwa.
Nilielewa nikiwa mkubwa:
kukipa kitu kazi mpya
ni kukiri mbele ya watu kwamba ya kwanza imekwisha,
na yeye alikuwa bado anasikiliza.

Usiku mmoja wa Aprili mvua iliangusha nguzo ya umeme.
Kijana akasimama mlangoni kwetu akichuruzika maji:
mtoto anatanguliza miguu,
simu zimeisha chaji, mshumaa haukai.
Baba alilitazama kabati muda mrefu,
muda wa kupisha mabehewa kumi na manne.
Kisha akavaa kofia. Ile kofia.

Alisimama chini ya neno MIZIGO,
uso ukutani kwa adabu,
mkono umenyooka nyuma yake.
"Mwanga, mzee, si rangi!" Apolot alifoka,
maana kidole, kwa mazoea, kilikuwa kimegeuza kioo,
na mikono, maji, shuka, jasho la yule mama,
vyote vilikuwa kijani.
Akarudisha nyeupe. Taa haikutikisika.
Saa kumi kasoro dakika sita (baba alitazama saa, angeachaje?)
mtoto aliingia akipiga kelele.
"Kachelewa," alisema baba,
nami sikujua anamsema nani.

Asubuhi alirudi kudai pesa za mafuta ya taa,
shilingi elfu mbili.
Taa yenyewe hakuidai.
Apolot hakubisha; alimwandikia stakabadhi
nyuma ya tiketi ya daraja la tatu, kwenda Tororo.
Baba akaisoma pande zote mbili,
akaikunja,
akaitia kofiani.