Kachinja Nani?

Mbuzi alikwenda machinjioni kwa bodaboda,
kafungwa kwa mpira kama gunia la korosho,
akitazama nyuma.
Sheria ndiyo hiyo, alisema mtendaji wa mtaa:
mbuzi hachinjwi uani tena,
hata awe wa arobaini ya mama yako.
Kuna kibali, kuna ada, kuna sakafu ya saruji.
Ukikaidi ni faini,
na faini, Bi Somoe, haijui kwamba umefiwa.

Nikamfuata kwa miguu. Nilitaka kuona wanaiba nini.
Na kweli, mbuzi wangu akashushwa ndoanoni bila ini.
"Ini langu!" nikapiga kelele mbele ya watu,
maana tunawajua:
ini la maskini huoza asubuhi machinjioni,
jioni linanukia jikoni kwa mkaguzi.

Mkaguzi alikuwa msichana, buti nyeupe zimemzidi mguu.
Hakunijibu. Alilipasua ini kwa ncha ya kisu,
akanikamulia kwenye kiganja
vidude bapa, kama majani ya mlonge yaliyolowa.
Kimoja kikajikunja.
Nikanyamaza.
Akagonga muhuri wa zambarau pajani,
akaandika stakabadhi: Tumaini Hokororo.
Jina la mwanamke chini ya nyama yangu yote,
na serikali nzima imeridhika.

Nyumbani nyama haikutosha. Watu walikuja na watu.
Nikamkamata tembe mweusi.
Kuku hana kibali, mtendaji hamjui;
lakini kuku ana sheria yake, kongwe kuliko mtaa,
haikuandikwa popote na kila mtoto anaijua:
mwanamke hachinji.

Basi nikasimama kando ya barabara
kama walivyosimama bibi zangu,
kuku kushoto, kisu kulia,
nikingoja mwanamume, yeyote,
mradi katahiriwa na shahada anaijua.

Lakini ilikuwa siku ya mnada.
Wanaume wa Newala wote walikuwa ghalani, kwenye chama,
wakiisikiliza bei ya korosho
kama wanaosubiri majibu ya hospitali.
Kaka yangu, basi lake limekufa Mnazi Mmoja.
Akapita mtoto wa kina Chitanda, nikamwita.
"Umeshaingia jando?"
"Bado. Mwaka huu."
Akapita padri na pikipiki, akanipungia mkono.
Nikampungia, kwa kisu.

Jua likapanda. Kuku akasinzia kwapani, kanichoka.
Ndani sufuria lilikuwa linachemka,
maji ya kununua, ndoo shilingi mia tano,
yanapanda juu yakawa mvuke na fedha yangu.

Nikamkumbuka maalimu wetu wa chuoni, marehemu sasa.
Siku moja tulimuuliza, sisi wasichana wa safu ya nyuma.
Akasema kwa sauti ndogo, ukuta usisikie:
"Kitabu hakijakataza. Ni mazoea tu."
Kisha akafuta ubao,
ijapokuwa hakuwa ameandika kitu.

Nikarudi uani.
Nikamnywesha kuku maji, funda moja,
nikamlaza, nikamwelekeza kibla.
Bismillahi, Allahu Akbar.
Mkono haukutetemeka.
Ulitetemeka baadaye, kwenye kukata vitunguu.

Baada ya hitima baba mdogo Lipwata akaegemea ukuta,
akavunja mfupa, akanyonya.
"Kuku huyu," akasema, "kachinja nani?"
Jikoni miiko yote ikasimama.

"Mwana wa Mfaume," nikajibu.

"Kumbe kafika?"

"Yupo. Yupo hapa hapa."

Akaitikia kwa kichwa, mzee wa watu,
akaramba kidole gumba.
"Mkono mwepesi. Kama wa babake."
Akasogeza sahani aongezewe mchuzi,
nikamwongezea.