Kiapo cha Samurai wa Ngara

Nilimuumba Jumatatu, nyuma ya risiti ya stima:
samurai anayesali kabla ya kuchomoa.
Panga mbili kiunoni, moja fupi, moja ndefu,
joho la kijivu, tasbihi ya mbegu za ukwaju.
Wachawi wana uganga; yeye nikampa Nuru kumi.
Kwa moja hufunga jeraha kwa kiganja.
Kwa tatu, mfu humsikia na kurudi kulala.
Kisha nikakaa na kalamu mdomoni,
maana shujaa bila kiapo
ni mhuni tu mwenye kisu kirefu.

    Upanga si wa hasira, ni amana ya Karima,
    Sipigani kwa ujira, wala sifati heshima,
    Uongo kwangu ni kera, kweli ndiyo ngao njema,
    Nikivunja hata mara moja, nuru itazima.

Ijumaa wakaja kwangu, ghorofa ya tatu.
Muthama akataka kuwa mwizi, kama kawaida yake.
Kerubo, katoka zamu ya wodi na miguu imevimba,
akasema, nipe yeyote asiyetibu watu.
Mukhwana, bawabu wa lango letu,
aliyekuwa na mapumziko hadi saa tano,
akaisoma karatasi ya samurai kwa kidole,
mstari kwa mstari, kama mtu anayehesabu chenji.
"Hiki kiapo kinamfunga hata akiwa na njaa?"
Kinamfunga, nikasema.
"Basi ni mimi huyu."

Ramani niliichora nyuma ya kalenda ya bucha.
Maharagwe ni majini,
samurai ni kifuniko cha kalamu ya buluu.
Mto Nairobi niliupitisha katikati, maji safi, samaki tele,
na katika usiku mzima wa majini na wafu
hilo ndilo jambo pekee walilokataa kuliamini.

Majini saba walikuwa wameliteka daraja
mlango ulipogongwa.
Kanyugo, wakala wa nyumba, hapigi hodi.
Hugonga funguo kwenye chuma, mara nne,
na mimi kodi ya miezi miwili
naijua kwa moyo kuliko sala.
Dadu ikanilowa mkononi.

Mukhwana akainuka, akatoka, akaurudisha mlango nyuma yake.
"Hayupo. Kasafiri tangu jana."
"Na hizo sauti?"
"Redio."
Hapo Kerubo, Mungu ambariki,
akaanza kusoma hali ya hewa kwa sauti ya puani:
manyunyu Limuru, upepo wa wastani Ngong,
Kisumu jua, jua, jua,
mpaka viatu vya Kanyugo vikashuka ngazi
na lango la chini likalia.

Mukhwana akarudi, akaketi, akaomba penseli.
Akaifuta kumi kwenye karatasi ya samurai.
Akaandika sufuri, ya duara, bila haraka.

"Aliyesema ni wewe," nikamwambia, "si yeye.
Yeye yuko darajani."
"Tuna mdomo mmoja."

Nikachukua kifutio, niuondoe ule mstari wa tatu;
mchezo ni wangu, sheria ni zangu,
na aibu pia ilikuwa yangu.
Akaweka kiganja juu ya karatasi,
kiganja chenye sugu ya rungu.
"Uache. Kiapo kisichouma ni salamu tu."

Basi samurai akashuka darajani bila Nuru,
na panga zake mbili na majini saba.
Mukhwana akaitupa dadu ya pande ishirini.
Ikagonga sufuria, ikaruka, ikaingia chini ya jiko.

Muthama akapiga magoti na tochi ya simu,
Muthama, ambaye tangu nimjue
hajawahi kusoma dadu bila kuiongezea.
Akachungulia. Akanyamaza.
"Ngapi?" akauliza Kerubo.

Akazima tochi, akasogea kando.
"Mukhwana," akasema, "njoo uisome mwenyewe."