Debe Lililojaa

Tangu Jumapili meza yetu ya chakula haina chakula.
Ina bisibisi tatu, bodi ya kijani,
skrubu ndani ya kikombe cha mayai,
na Vojko, miwani puani, ameishika prosesa kwa ncha za vidole
kama mtu aliyeokota kipepeo asijue pa kumwachia.

Nje, theluji ya Maribor inalala juu ya theluji ya jana.
Mimi natoka zamu ya usiku, wodi ya mifupa,
nanuka dawa, nataka kitanda.
"Jerneja," ananiita, "njoo usikilize."
Nisikilize nini?
"Kimya."

Naweka sikio kwenye bati.
Debe tupu ndilo huvuma, hivyo husemwa;
hili limejaa hadi ukingoni na bado linavuma,
mvumo mwembamba, wa nyuki aliyefungiwa kabatini.
Namwambia kweli. Uso wake unasinyaa.
Anaing'oa feni aliyoinunua kwa pesa za matairi ya baridi,
anaagiza nyingine, pana, isiyo na haraka,
anaitundika kwa vipande vinne vya mpira
alivyokata kwenye soli za buti zake za kiwandani,
buti za miaka ishirini na sita ya kuchomelea vichwa vya malori.

Sebule na chumba cha kulala vinagawana ukuta mmoja.
Hajasema kwamba ni kwa ajili ya usingizi wangu.
Hajawahi kusema mambo ya namna hiyo.

Kisha zikaja programu.
Ya kwanza ilijaa madaha, mabango yakiteleza kama samaki,
lakini kabla ya kufungua mlango ikataka jina, baruapepe, nywila,
ikauliza kama tungependa kulipa kila mwezi.
"Nyumba yangu, diski yangu, filamu zangu," akasema Vojko,
"huyu bawabu katoka wapi?"
Akaifuta.

Ya pili haikuomba kitu. Bure, kavu, mkate wa juzi.
Menyu ndani ya menyu ndani ya menyu.
Herufi zetu zenye vikofia, č na š na ž,
ikazigeuza alama za kuulizia,
hata manukuu ya filamu za mapenzi
yakawa yanatuhoji kama polisi.

Ya tatu aliileta Bine wa ghorofa ya nne,
miaka kumi na miwili, subira ya daktari wa meno.
"Usibonyeze kila kitu, Bwana Vojko. Iache isome."
Tukaiacha isome.
Usiku kucha ikapekua diski,
ikitafutia kila faili jina na picha.

Asubuhi narudi, viatu vinachuruzika mlangoni,
namkuta kasimama mbele ya skrini, mikono kiunoni.
Mkanda wa harusi yetu, alioutia kwenye kompyuta wiki nzima,
programu imeuvika bango la filamu ya kutisha:
mwanamke na shoka, mwezi mwekundu,
na chini yake, *Hakuna atakayetoka hai kwenye karamu hii.*
Alama nne kati ya kumi.

"Nitarekebisha. Kuna mahali pa kubonyeza."
Naketi na koti langu. Nachukua rimoti. Kitufe kimoja,
na huo hapo ukumbi wa kijijini, akodioni,
mama yake akilia ndani ya leso,
marehemu kaka yangu Tone akicheza na kiti,
wote wana michirizi ya mkanda uliochakaa.
Feni haisikiki. Namsikia kila mtu,
hata aliyekohoa nyuma,
hata mimi, nikisema ndiyo
kwa sauti ya mtu ambaye hajaulizwa maswali yote.

"Liache bango," namwambia.
"Hata hizo alama nne, ziache."

Anacheka. Kwenye skrini, yule Vojko mwenye nywele
anafungua kinywa, na kicheko kinafika baadaye,
nusu sekunde.
"Sauti imepishana na picha," anasema huyu wa kwangu,
na tayari anaitafuta miwani,
ambayo iko puani.