Tone la Sita

Daktari wa Ganjoni alikuandika mkono kwa kalamu,
moja hadi kumi, kama mwalimu aitaye majina.
Kando ya kila namba, tone;
juu ya kila tone, sindano: mguso tu, hata damu haikutoka.
"Usijikune, Athmani. Dakika kumi na tano."

Nikaikodolea macho saa ya ukutani,
nikaukumbuka ule mkate wa mofa wa Idi.
Ulisema ulimi wawasha. Nikasema ni deko.
Midomo ikavimba, pumzi ikawa filimbi,
babako akakubeba mbio hadi barabarani
nami nyuma yake, unga mikononi,
mbegu mbili za simsim zimenasa kwenye pete.

Maziwa, kimya. Yai, kamba, njugu, kimya.
La sita likainuka, jeupe, pana,
kama kaimati ndani ya mafuta.
Hakuna aliyenitazama. Hilo ndilo lililoniuma.

Siku hizi dawa yako i pochini mwangu,
baina ya tasbihi na funguo.
Vunja kichupa, vuta, paja la nje, choma.
Ndimu saba nimezidunga kwa maji matupu,
jikoni, usiku, peke yangu.
Arusini nauliza kabla salamu hazijesha:
"Muna ufuta humu?"
Waniita Bi Polisi. Na waniite.

Jana ulimega mkate wangu wa sinia jipya,
ukanitazama usoni kabla ya kutafuna.
Kula, nikasema.
Kisha nikaiangalia saa, dakika kumi na tano,
wewe ushatoka kitambo, wacheza mpira.